Bima ya Mbwa na Paka, na Gharama ya Jino Moja

Asubuhi moja alifika kliniki yangu hapa Mwanza baba mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, akiwa amemshika mkono mtoto wa jirani yake. Mtoto alikuwa ameng'atwa kwenye shavu la mguu, na mbwa aliyemng'ata alikuwa wa huyo baba. Muuguzi alipokuwa akiosha jeraha kwa sabuni chini ya bomba, yule baba alizihesabu noti zake mara mbili, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Daktari, nasikia wenzetu Ulaya huwakatia bima mbwa na paka wao. Mimi siwezi kumkatia huyu wangu, ili siku nyingine nisihangaike hivi?"

Nilitabasamu, lakini swali halikunitoka kichwani. Ndani yake yalikuwamo maswali mawili: nani atalipa mbwa akiugua, na nani atalipa mbwa akimwuguza mtu. Swali la kwanza lina majibu mengi duniani, nami nitayaeleza kwa kifupi. La pili ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria, maana jibu lake likichelewa, mtu hufa.

Jinsi bima ya mbwa na paka inavyofanya kazi

Bima za namna hii zilianza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Uswidi farasi na mifugo ilikuwa ikikatiwa bima tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mbwa wakafuata mwaka 1924. Uingereza iliingia katika biashara hiyo mwaka 1947. Nchini Marekani, mnyama wa kwanza kukatiwa bima ya matibabu, mwaka 1982, alikuwa mbwa maarufu wa televisheni aliyeigiza kwa jina la Lassie. Barani mwetu, soko kubwa liko Afrika Kusini.

Msingi wake ni uleule wa bima nyingine. Watu wengi huchangia ada ndogo kila mwezi au kila mwaka, na wachache wanaopatwa na hasara hulipwa kutoka katika mfuko huo. Ada hupangwa kwa kuangalia aina ya mnyama, umri wake, ukoo wake na mahali anapoishi. Kwa kawaida paka hutozwa pungufu kuliko mbwa, kwa sababu matibabu yake hugharimu kidogo na mara chache humletea mwenyewe kesi ya kumjeruhi mtu. Mbwa mzee hutozwa zaidi ya mbwa kijana, na kampuni nyingi hukataa kabisa kumpokea mnyama aliyekwisha kuzeeka.

Mikataba yenyewe hutofautiana sana, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Ulio rahisi kuliko yote hulipia ajali pekee: mbwa akigongwa na gari analipiwa, akiugua homa halipiwi. Wa pili hulipia ajali na maradhi, lakini kila ugonjwa kwa miezi 12 tu tangu ulipoanza. Paka mwenye kisukari, ugonjwa usiopona, huachwa mikononi mwa mwenyewe mwaka wa pili. Wa tatu huweka kiasi maalumu cha fedha kwa kila ugonjwa, bila kujali muda, na kikiisha ndio mwisho. Wa nne, ulio ghali kuliko yote, hurudisha kiwango upya kila mwaka mradi ada inalipwa bila kukatika. Katika yote hayo kuna sehemu ya kwanza ya gharama ambayo mwenye mnyama hujilipia mwenyewe, kuna siku za kusubiri kabla bima haijaanza kufanya kazi, na ugonjwa aliokuwa nao mnyama kabla ya mkataba haulipiwi. Anayelinganisha bei bila kusoma mambo hayo matatu analinganisha namba tupu.

Lakini kipengele ambacho mimi, nikiwa daktari wa binadamu, hukitazama kwanza ni kingine. Mkataba wa kawaida wa bima ya mbwa na paka haulipii chanjo. Chanjo huhesabiwa kuwa wajibu wa kila siku wa mfugaji, sawa na chakula. Isitoshe, kampuni humtaka mfugaji awe amekwisha kumchanja mnyama wake, la sivyo haitalipia ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia. Kwa hiyo hata huko ambako bima imestawi, chanjo hutangulia na bima hufuata nyuma yake.

Kipengele cha pili ni bima ya madhara kwa mtu mwingine, yaani ile inayomlipa aliyeng'atwa. Mikataba mingi ya Uingereza huwa nayo kwa upande wa mbwa. Nchini Ujerumani, katika miji kama Berlin na Hamburg, sheria humlazimisha kila mwenye mbwa kuwa na bima hiyo. Hiki ndicho kitu ambacho yule baba alikuwa akikitafuta bila kujua jina lake.

Je, hapa kwetu?

Ukienda leo katika ofisi za bima za katikati ya jiji la Mwanza, utakuta bima ya gari, ya moto, ya safari na ya mkopo. Bima ya mbwa wa ulinzi au paka wa ghala la dagaa si bidhaa iliyozoeleka, na sababu zake si ngumu kuziona. Kampuni ya bima inahitaji kumtambua mnyama bila shaka yoyote, kuona kumbukumbu zake za matibabu, na kupokea risiti za daktari wa wanyama aliyesajiliwa. Mbwa wetu wengi hawafungwi. Mchana wanazunguka mialoni kutafuta matumbo ya sangara, usiku wanarudi kulinda. Mbwa mmoja huweza kuwa na majina matatu katika nyumba tatu. Nani atamwandikia mkataba?

Bima ya mifugo ipo, ila haimfai mbwa. Nchini Kenya, wafugaji wa Marsabit walianza mwaka 2010 kukatiwa bima inayotumia picha za setilaiti kupima ukavu wa malisho, na hapa Tanzania kampuni za bima ziliungana mwaka 2023 kuunda umoja wa bima ya kilimo. Bima hizo humlinda ng'ombe kwa kuwa ng'ombe ana bei mnadani. Mbwa wa Igoma au Kisesa hana bei ya mnadani. Hasara anayoweza kuleta ni kubwa mno kupita thamani yake mwenyewe.

Anayetaka bima hata hivyo asikatishwe tamaa. Kampuni zilizosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania zinaweza kuulizwa kama bima ya nyumba au ya biashara inayotolewa inagusa madhara ya mnyama kwa mgeni au mpita njia. Mwenye hoteli, ghala au karakana inayolindwa na mbwa afanye hivyo, na ajibiwe kwa maandishi. Kwa kaya ya kawaida, wenzetu wa vikundi vya kuweka na kukopa wamekwisha kuonyesha njia: mfuko wa jamii unaosaidia msiba unaweza pia kutoa nauli na fedha ya sindano ya kwanza. Si bima kamili, lakini fedha hiyo hupatikana siku ileile, jambo ambalo kampuni kubwa halifanyi.

Hesabu ya jino

Sasa tuje kwenye swali la pili. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyosafiri katika mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Duniani kote, inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, takriban wanne kati ya kila kumi wakiwa watoto wa chini ya miaka 15, na katika visa 99 kati ya 100 virusi vimetoka kwa mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vinavyokaribia 1,500 kwa mwaka. Ugonjwa huo huzuilika kabisa iwapo aliyeng'atwa atatibiwa mapema. Ndiyo maana kifo cha kichaa cha mbwa, kwa kiasi kikubwa, ni kifo cha kukosa nauli, kukosa fedha ya chanjo, au kukosa taarifa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kumkinga mtu mmoja aliyeng'atwa hugharimu kwa wastani dola 108 za Marekani, ukihesabu pamoja nauli na siku za kazi zilizopotea. Kumchanja mbwa mmoja hugharimu dola chache tu. Lakini wastani wa dunia huficha mambo ya visiwani. Mchukue mtoto wa Ukara au wa ndani ya Ukerewe anayepaswa kufika hospitali yenye chanjo. Hasafiri peke yake; anasindikizwa na mzazi. Kwa utaratibu wa zamani wa sindano tano za msuli, watu wawili wakienda na kurudi mara tano wanalipa nauli 20, za bodaboda na za kivuko. Katika familia inayoishi kwa kuanika dagaa, nauli ya sita au ya nane ndiyo inayoshindikana. Nimewapokea wagonjwa waliokatisha dozi baada ya sindano ya pili, si kwa uzembe, bali kwa sababu ziwa lilichafuka na fedha ikaliwa nyumbani.

Hapa ndipo wahudumu wa afya tunaweza kupunguza gharama kwa mikono yetu wenyewe. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo ndani ya ngozi: mililita 0.1 katika sehemu mbili za mwili, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Safari ni tatu badala ya tano, nauli zinashuka kutoka 20 hadi 12, na matibabu yanakamilika ndani ya wiki moja. Chanjo inayotumika ni mililita 0.6 kwa jumla, wakati njia ya msuli hutumia vichupa vizima vinne au vitano. Kichupa kimoja cha mililita 0.5 kinaweza kuwahudumia wagonjwa wawili kwa siku moja. Kikwazo ni kwamba kichupa kilichofunguliwa hakipaswi kutumika baada ya saa 6 hadi 8, hivyo akiba huonekana zaidi katika kituo kinachopokea majeruhi kadhaa. Pia mtoa huduma anapaswa kujua kuchoma ndani ya ngozi sawasawa; sindano iliyopita chini ya ngozi irudiwe.

Jambo lililo rahisi kuliko yote halihitaji fedha. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Si dakika moja, na si kupaka mafuta ya taa, majivu au pilipili. Pale palipo na jeraha lililotoboa ngozi, au mate yaliyogusa mdomo, jicho au kidonda, mgonjwa anahitaji pia imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, zinazochomwa ndani na kandokando ya jeraha. Dawa hiyo ni ghali na huadimika. Ikikosekana, kuosha na chanjo viendelee bila kusubiri. Na jeraha lisishonwe haraka.

Kadi ya bima ya afya, je?

Watu huniuliza kama kadi yao italipa. Nawajibu kwamba kadi na chanjo iliyomo jokofuni ni vitu viwili tofauti. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita mikoani, na mchango huo una faida kubwa kwa malaria, uzazi na mengine mengi. Hata hivyo kadi yoyote, iwe ya mfuko huo, ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya au ya kampuni binafsi, ina orodha ya dawa na ngazi za vituo. Swali la kuuliza kwenye dawati la bima, kabla ya kung'atwa, ni hili: je, chanjo ya kichaa cha mbwa na imunoglobulini zimo, na katika kituo kipi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango wa kujadili kitita cha huduma, na kwa maoni yangu kinga ya aliyeng'atwa inastahili kuwamo ndani yake kwa kila Mtanzania. Mwaka 2024 shirika la Gavi nalo lilianza kupokea maombi ya nchi zinazohitaji msaada wa chanjo hiyo.

Kisha kuna desturi yetu ya mtaani: mwenye mbwa ndiye mlipaji. Desturi hiyo ina haki ndani yake, nami siipingi. Ubaya wake ni mpangilio. Mara nyingi aliyeng'atwa hupelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mtendaji, mabishano yakaanza: ni mbwa wa nani, nani alimchokoza, mtoto alifuata nini uani kwa watu. Siku mbili zinapita, ya tatu inapita. Virusi havihudhurii kikao hicho. Vinaendelea na safari yake. Mashauri yaje baada ya sindano ya kwanza, na risiti zitunzwe kwa ajili ya madai. Naye aliyechelewa asikae nyumbani kwa kudhani muda umekwisha: dalili kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine mwaka. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo ina maana.

Kosa jingine la ghali ni kumuua mbwa au paka kwa hasira. Mnyama aliye hai ni kipimo cha bure. Afungwe, alishwe, aangaliwe kwa siku 10 chini ya afisa mifugo. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiba hiyo huwafaa hasa waliopangiwa sindano za msuli. Matibabu yasisubiri siku hizo 10 ziishe, na kanuni hii ni ya mbwa na paka tu, si ya nguchiro wala mbweha. Akifa au akiuawa, kichwa chake kisitupwe: afisa mifugo aitwe ili sampuli ipelekwe maabara ya veterinari.

Bima tuliyo nayo mkononi

Wataalamu wanasema ni lazima angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa ili ugonjwa ukatike. Kiwango hicho huzingatia kwamba mbwa wetu huishi maisha mafupi: kila mwaka wengine hufa na watoto wapya huzaliwa, hivyo kinga ya jamii huporomoka kampeni isiporudiwa. Ukiitazama vizuri, hii nayo ni bima. Mbwa wako aliyechanjwa anamlinda mtoto wa jirani, na mbwa wa jirani anamlinda wa kwako. Na kama bima yoyote, haifanyi kazi wachache wakichangia. Huko N'Djamena nchini Chad, wenye mbwa walipotozwa ada ya chanjo, ni takriban robo tu ya mbwa waliochanjwa. Ilipotolewa bure, walifikia karibu theluthi mbili na zaidi. Ninapoona halmashauri ikitoza ada ndogo ya chanjo ya mbwa ili kufidia mafuta ya gari, najua gharama hiyo haijapungua; imehamia tu hospitalini, tena ikiwa imekua.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Upande wa mashariki wa ziwa, vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Serengeti vimekuwa na kampeni za kuchanja mbwa kwa miaka mingi. Huko ndiko ilikojulikana pia kwamba maradhi ya mbwa hayaishii kwa mbwa: mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Utafiti uliofanywa nchini umeonyesha kwamba chanjo moja ya mbwa inayotumika sana inabaki na nguvu yake hata ikikaa miezi mitatu katika nyuzi joto 30. Kwa visiwa visivyo na umeme wa uhakika, habari hiyo ina thamani kuliko gari jipya: chanjo inaweza kutunzwa mahali pa ubaridi kijijini na kutolewa mwaka mzima. Kisiwani Pemba ugonjwa ulitokomezwa kwa kampeni za chanjo, ukarudi mwaka 2016 baada ya virusi kuingia tena, ukatokomezwa tena. Ukerewe nayo ni kisiwa.

Kwa mfugaji, utaratibu si mgumu. Mbwa na paka huchanjwa wakifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa vipindi anavyoelekeza daktari wa wanyama. Siku ya kampeni mlete hata mtoto wa mbwa aliye mdogo zaidi. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia kwa afisa mifugo wa kata kama kuna chanjo ya bure. Paka asisahauliwe, wanaolea paka kwa ajili ya panya wa maghala hudhani kichaa ni cha mbwa pekee kwa sababu jina limesema hivyo. Nao maofisa mifugo na wachanjaji wapate chanjo ya binadamu kabla ya kung'atwa. Wakipatwa baadaye, mahudhurio mawili, siku ya 0 na ya 3, yanawatosha bila imunoglobulini.

Yule baba alilipa, na mtoto alimaliza dozi siku ya saba. Mbwa alifungwa chini ya mwembe, akala, akabweka, akawa mzima siku ya kumi. Siku ya 11 afisa mifugo alimchanja. Wiki iliyofuata baba alipita kliniki kunionyesha kadi ya chanjo ya mbwa, akauliza kama ni lazima awapeleke na paka wake wawili wa ghalani, maana hawakamatiki. Nilimwambia awategee dagaa ndani ya tenga, jioni, kabla hawajala.